Msako wa jeni za kisukari cha utotoni na watu wa Mto Tana

MTOTO akitapika, akilegea na kuanza kuhema kwa nguvu katika vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana, neno la kwanza linalotamkwa nyumbani ni malaria. Hilo si jambo la kushangaza. Kutoka Hola hadi Garsen, na kuteremka hadi kwenye delta, mto hufurika, maji hutuama mashambani, mbu huzaana, na hakuna ukoo usio na kisa chake cha homa. Lakini yapo maradhi mengine ambayo huja kwa sura hiyo hiyo na ambayo dawa ya malaria haiyagusi hata kidogo. Hayo ni kisukari aina ya kwanza, ambacho wengi hukiita kisukari cha utotoni ingawa huweza kumpata mtu wa umri wowote.

Wiki kadhaa kabla ya kulegea huko, mtoto huyo huwa amekwisha kuonyesha dalili. Hunywa maji asitosheke. Hukojoa mara nyingi, na yule aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Hula lakini hukonda. Pale alipokojoa sisimizi hukusanyika, kwa kuwa mkojo wake una sukari. Insulini inapokwisha mwilini, mwili hushindwa kuitumia sukari iliyomo katika damu, na badala yake huanza kuyachoma mafuta yake wenyewe. Mabaki ya moto huo ni asidi ziitwazo ketoni. Hizo ndizo zinazomfanya mtoto aheme kwa kina, na pumzi zake zitoe harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi.

Tofauti kati ya hali hiyo na malaria kali hujulikana kwa tone moja la damu ya kidole na muda usiozidi dakika moja. Pasipo tone hilo, mtoto huweza kutundikiwa maji yenye sukari, kama inavyofanywa mara nyingi kwa mgonjwa wa malaria kali, na hali yake ikazidi kuharibika. Asiyepewa insulini hufa, mara nyingine katika muda wa siku chache.

Mzazi ambaye mtoto wake amenusurika huwa na swali moja: maradhi haya yametoka wapi? Wapo wanaolaumu vyakula vitamu, wapo wanaomshuku jirani, na wapo wanaodhani kwamba ni damu mbaya ya upande wa mama au wa baba. Peremende hazihusiki. Kuhusu damu, yaani urithi, wanasayansi wamekuwa wakiitafuta sehemu yake kwa zaidi ya miaka 50, na wamepata mengi. Tatizo ni kwamba karibu yote waliyoyapata yametoka katika miili ya watu wasiofanana kwa asili na wakazi wa Garsen.

KINGA INAYOMGEUKIA MWENYEWE

Ndani ya kongosho, tezi iliyolala nyuma ya tumbo, mna visiwa vidogo vya seli ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869. Katika visiwa hivyo zimo seli za beta, ambazo hutengeneza insulini. Mwaka 1965 daktari Willy Gepts wa Ubelgiji alichunguza kongosho za watu waliokufa muda mfupi baada ya kuugua kisukari wakiwa wangali vijana, akakuta visiwa hivyo vimevamiwa na chembe nyeupe za damu, zile zile ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu. Askari walikuwa wameingia katika nyumba waliyopaswa kuilinda.

Ushahidi mwingine ulifuata upesi. Mwaka 1974 Gian Franco Bottazzo, Deborah Doniach na mwenzao waliokuwa London walitangaza kwamba katika damu ya baadhi ya wagonjwa mna kingamwili zinazozishika seli za visiwa vya kongosho. Tangu hapo kingamwili zimekuwa ndiyo alama ya kuutambulisha ugonjwa huu. Zinazopimwa zaidi leo ni zile zinazolenga insulini yenyewe na protini tatu zinazoitwa GAD, IA-2 na ZnT8. Mtu mwenye kingamwili za aina mbili au zaidi huhesabiwa kuwa ugonjwa umekwisha kuanza ndani yake, hata kama sukari yake bado ni ya kawaida.

Katika kipindi hicho hicho, kati ya mwaka 1973 na 1974, watafiti wa Canada, Denmark na Uingereza waligundua uhusiano kati ya kisukari hiki na jeni za kundi la HLA, zilizo katika kromosomu ya sita. Kazi ya jeni hizo yaeleweka kwa mfano wa sinia. Kila seli huweka vipande vya protini juu ya sinia na kuvitoa nje ili askari wa kinga wavikague: hiki ni cha mwenyeji, hiki ni cha adui. Sinia hizo hazifanani kwa watu wote. Zipo za maumbo mengi, na baadhi ya maumbo huvishika vipande vya insulini kwa namna inayomfanya askari akosee. Miongoni mwa watu wa Ulaya, aina zinazoitwa DR3 na DR4 ndizo zenye hatari kubwa, hasa mtu akirithi moja kutoka kwa kila mzazi. Inakadiriwa kwamba kundi hili peke yake hubeba karibu nusu ya hatari yote ya kurithi.

Hapa pana jambo linalopaswa kufahamika vyema, kwa sababu limeleta ugomvi katika ndoa nyingi. Kurithi hatari si kurithi ugonjwa. Wengi kabisa wa wanaougua hawana ndugu wala mzazi mwenye kisukari aina ya kwanza. Pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni moja, mmoja wao akiugua, mwenzake huugua katika visa vipatavyo theluthi moja hadi nusu, na ufuatiliaji wa miaka mingi umeonyesha idadi ya juu zaidi. Kwa watu wa asili ya Ulaya, ndugu wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban asilimia 6, ilhali mtu mwingine yeyote hana hata nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo urithi upo, na pia kipo kitu kingine kutoka nje, pengine virusi, kinachouwasha moto. Hakuna mzazi wa kulaumiwa.

Baada ya HLA, msako ulikwenda polepole. Mwaka 1984 ilionekana kwamba sehemu ya DNA iliyo karibu na jeni ya insulini, katika kromosomu ya 11, nayo inahusika. Maelezo yake yanapendeza. Chembe za kinga hufundishwa katika tezi ya thaimasi, iliyo kifuani, na humo huonyeshwa sampuli za protini za mwili ili zizoee kuziacha. Wenye aina fulani ya kipande hicho cha DNA huonyesha insulini kidogo mno katika darasa hilo, hivyo askari wengine huhitimu wakiwa hawaijui.

Mwaka 1994 timu iliyokuwa Oxford, John Todd akiwa miongoni mwao, ilipekua kwa mara ya kwanza kromosomu zote za familia zenye watoto wagonjwa. Jeni ya CTLA4 ilitajwa mwaka 1996. PTPN22 ilifuata mwaka 2004. Kisha ikaja IFIH1 mwaka 2006, jeni inayoiarifu seli kwamba virusi vimeingia. Mwaka 2009 ilionekana kwamba wachache ambao jeni yao hiyo ina hitilafu huugua kwa nadra zaidi. Yaani mlinzi mzembe humwepusha mwenye nyumba na ugonjwa huu. Hilo liliwatia nguvu wanaoshuku virusi.

Mwaka 2007 njia ya kazi ilibadilika. Muungano wa watafiti wa Uingereza ulichukua wagonjwa wapatao 2,000 kwa kila mojawapo ya maradhi saba, kisukari aina ya kwanza kikiwamo, pamoja na watu 3,000 wa kulinganisha nao, ukapima laki kadhaa za vituo katika DNA ya kila mmoja. Njia hiyo haianzi na jeni inayoshukiwa. Huuliza tu: ni herufi gani inayoonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima? Kila idadi ya watu ilipoongezwa, vituo vipya viliibuka. Mwaka 2021 utafiti mmoja wa watu 61,427 ulitaja maeneo 78 ya DNA, na mwingine ulikusanya takwimu za watu 520,580. Hao laki tano na ushei wote walikuwa wa asili ya Ulaya.

RAMANI ILIYOCHORWA MBALI

Kosa la ramani hiyo si kwamba ni ya uongo. Ni ya kweli kwa nchi iliyopimwa. Mfano wa PTPN22 watosha kuonyesha jambo hilo. Baada ya HLA na jeni ya insulini, hiyo ni mojawapo ya jeni zenye nguvu zaidi kwa Wazungu, lakini herufi yake yenye hatari ni adimu mno kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Kumpima kijana wa Kipokomo kwa herufi hiyo ni sawa na kumtafuta kiboko jangwani.

Mambo huwa mazito zaidi kwenye HLA yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwa Wamarekani weusi, ulionyesha kwamba aina moja ya DR3 inayopatikana kwa watu wa asili ya Afrika humkinga mtu, ingawa jina lake lafanana na ile inayowadhuru Wazungu. Kinyume chake, DR7 ambayo kwa Wazungu hukinga, kwa Waafrika huja ikiwa imefungamana na jeni jirani tofauti na huongeza hatari. Anayesoma majina ya juu juu atamwambia aliye hatarini kwamba yu salama, na aliye salama kwamba yu hatarini.

Mwaka 2019 kikundi kingine cha watafiti kilitumia takwimu za Wamarekani wa asili ya Afrika kuandaa alama ya hatari inayowafaa zaidi, na alama hiyo, yenye vituo saba tu, iliwatambua wagonjwa hao vizuri kuliko ile ya Wazungu. Ni hatua njema. Lakini mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walitolewa Afrika Magharibi na ya Kati. Bonde la Tana ni habari nyingine. Humo Wapokomo, ambao ni Wabantu walimao mpunga, ndizi na maembe kwenye kingo za mto, wamekaa kwa karne nyingi karibu na Waorma na Wawardei, wafugaji ambao lugha na asili yao ni za Wakushi. Wapo Wamunyoyaya, Wailwana na Wawata, na pia Wabajuni, Wasomali na Wamijikenda. Katika safari ya saa mbili kwa gari mtu hukutana na koo ambazo mababu wao waliachana maelfu ya miaka iliyopita.

Wingi huo si wa hapa pekee. Mwaka 2020 watafiti wa mpango wa H3Africa walisoma DNA yote ya watu 426 kutoka makundi 50 ya bara hili, wakapata tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Watu 426 ni wachache kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti wa wakazi wa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, ulikuwa umesoma DNA ya watu wapatao 6,400, ambao kati yao 1,978 walisomwa herufi zote. Hizo ni miongoni mwa hazina kubwa za Afrika Mashariki, na hazikukusanywa kwa ajili ya kisukari cha watoto.

KISUKARI KISICHO NA KINGAMWILI

Swali la jeni lina swali jingine nyuma yake: je, ugonjwa unaotafutwa ndio huo huo? Dalili za kushuku jambo hilo ni za zamani. Kati ya mwaka 1982 na 1991 madaktari wa Dar es Salaam, Andrew Swai, Janet Lutale na Donald McLarty, waliwahesabu watoto na vijana wote wa mji huo waliopatikana na kisukari kipya. Walipata takriban 1.5 kwa kila watu 100,000 wa umri huo kwa mwaka. Nchini Finland, inayoongoza duniani, idadi kwa watoto imepita 50. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Sehemu yake huenda ni urithi, na sehemu nyingine ni makaburi: mtoto aliyezikwa ikidhaniwa kwamba ameuawa na malaria hamo katika hesabu yoyote. Mwaka 2007 Lutale na wenzake walipopima kingamwili za wagonjwa wa Dar es Salaam waliohesabiwa kuwa wa aina ya kwanza, waliozikutwa nazo hawakufika nusu.

Jibu kubwa zaidi lilitolewa mwaka 2025 na utafiti uitwao YODA, uliowahusisha vijana wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini waliopatikana na kisukari kabla ya kutimiza miaka 30 na ambao walitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza. Walikuwa 894. Karibu asilimia 65 kati yao hawakuwa na kingamwili za kawaida, na alama zao za urithi zilikuwa za chini. Hata hivyo hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili, ile ya watu wazima na unene, kwa kuwa insulini yao ilikuwa imepungua sana. Watafiti walipolinganisha na takwimu za Marekani waliona sura kama hiyo kwa takriban asilimia 15 ya vijana weusi walioandikwa kuwa na aina ya kwanza, ilhali kwa vijana weupe haikuonekana.

Theluthi mbili ya vijana hao, basi, walibeba jina la ugonjwa ambao kwa ushahidi wa damu yao hawakuwa nao. Wana nini? Baadhi ya wataalamu huitazama njaa ya utotoni. Huko Gondar, kaskazini magharibi mwa Ethiopia, madaktari kwa muda mrefu wameandika habari za vijana maskini wa mashambani, wembamba sana, wanaohitaji insulini. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na fungu la kisukari cha utapiamlo katika orodha yake ya mwaka 1985, likaliondoa mwaka 1999. Aprili 2025, katika mkutano uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lililirudisha kwa jina la aina ya tano. Si wataalamu wote walioridhika na uamuzi huo. Katika kaunti ambayo ukame na mafuriko hupokezana kama Tana River, hata hivyo, ni vigumu kulipuuza swali la mtoto aliyekulia katika njaa.

Kenya haikuwamo katika YODA. Hata hivyo, maabara inayoweza kufanya kazi ya namna hiyo haiko mbali na Garsen. Barabara ya lami inateremka zaidi ya kilomita 100 hadi Malindi, na kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI na shirika la Wellcome wamekuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka 1989. Kituo hicho kilijijengea jina kwa kuchunguza jinsi urithi unavyowakinga watoto wa Pwani dhidi ya malaria. Humo ndimo ilimopimwa kwa undani nguvu ya selimundu: mtoto aliyerithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui ugonjwa wa selimundu, na hukingwa sana dhidi ya malaria kali. Karibu asilimia 15 ya watoto wa Kilifi wako hivyo. Zaidi ya nusu wana angalau jeni moja ya thalasemia aina ya alfa, ambayo nayo hukinga.

Elimu hiyo ya malaria inakihusu kisukari moja kwa moja, ingawa mara nyingi jambo hilo hupita bila kutajwa. Kipimo cha HbA1c, ambacho madaktari hukitegemea kujua wastani wa sukari ya mgonjwa kwa miezi ipatayo mitatu, hupima sukari iliyoganda kwenye himoglobini, ndani ya chembe nyekundu za damu. Malaria imezifinyanga chembe hizo kwa karne nyingi. Mwaka 2017 utafiti wa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba wenye jeni moja ya selimundu hupata namba ya chini kuliko sukari yao halisi. Mwaka huo huo jambo kama hilo lilionekana kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao nao ni wa kawaida penye malaria. Utafiti wa Uganda wa mwaka 2019 uliihusisha thalasemia ya alfa na kipimo hicho hicho. Mgonjwa wa Garsen aweza kuambiwa kwamba sukari yake imetulia ilhali inaendelea kumla macho na figo. Kwa mtu kama huyo, kupima sukari yenyewe mara kwa mara ni salama kuliko kutegemea HbA1c pekee.

FAIDA KWA MGONJWA

Yawezekana msomaji akauliza kama haya yote si anasa ya wataalamu. Katika nchi tajiri msako wa jeni umekwisha kuzaa matunda. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya teplizumab, ya kwanza kuuchelewesha ugonjwa huu kabla ya dalili, kwa wastani wa miaka miwili au zaidi. Septemba 2023 Italia ilipitisha sheria ya kuwapima watoto wote kingamwili. Lakini dawa hiyo huwatuliza askari wa kinga, na hupewa wale wenye kingamwili. Kijana ambaye kongosho yake haikuharibiwa na askari hao hana faida nayo. Ataingia tu katika hatari ya madhara yake. Kabla ya kununua dawa ya namna hiyo, au hata vipimo vyake, nchi yoyote ya Afrika Mashariki inahitaji kujua ni wangapi kati ya vijana wake wenye kisukari cha kinga na wangapi wenye kingine.

Utafiti wa kulijua hilo katika bonde la Tana una ugumu wake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima. Ugonjwa ukiwa nadra kama ulivyoonekana Dar es Salaam, wagonjwa wapya wa mwaka mzima wangekuwa wachache mno kuweza kujitosheleza kwa hesabu za jeni, hivyo sampuli zao zingelazimika kuunganishwa na za Kilifi, Lamu, Garissa na kwingineko, huku asili ya kila mmoja ikiandikwa kwa uangalifu. Kuna suala la ridhaa pia. Damu ya mtu wa ukoo mdogo hueleza habari za ukoo mzima, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za jeni katika fungu la habari nyeti. Kuwaeleza wafugaji walio malishoni kwa nini damu yao itahifadhiwa kwa miaka mingi si kazi ya alasiri moja. Na lazima kwanza wagonjwa wafike hospitalini, Ngao au Hola, wangali hai.

Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha ukubwa wa pengo hilo. Mtoto wa miaka 10 aliyegunduliwa kuwa na kisukari aina ya kwanza mwaka 2021 alitarajiwa kuishi miaka 65 zaidi katika nchi tajiri, na miaka 13 tu katika nchi maskini kabisa. Kenya, kwa uchumi wake, iko kati ya ncha hizo mbili. Tangu mwaka 2012 umekuwapo nchini mpango wa Changing Diabetes in Children, ambao huwapa watoto insulini na vipimo bila malipo kupitia kliniki maalumu. Kwa familia iliyo malishoni ng'ambo ya mto, kliniki kuwapo ni jambo moja na kuifikia ni jingine. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliikata barabara ya kwenda Garissa, na watu wakawa wakivushwa kwa mashua.

Kisha kuna joto. Vitabu husema insulini iliyokwisha kufunguliwa iwekwe penye ubaridi na itumike kwa wiki nne, jambo linalowakatisha tamaa wasio na jokofu. Habari njema juu ya hilo zilitoka karibu. Mwaka 2021 wataalamu wa Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na wa Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya kazi iliyoanzia katika kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Walipima joto la ndani ya nyumba za wagonjwa, wakaliiga maabarani, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 za selsiasi. Baada ya wiki nne insulini ilikuwa na nguvu ile ile ya iliyowekwa kwenye jokofu.

Mtungi wa udongo uliolowanishwa husaidia kuibakiza dawa chini ya nyuzi hizo, ukiwekwa kivulini, penye upepo. Hufanya kazi vizuri zaidi Hola na Bura, ambako hewa ni kavu, kuliko kwenye delta karibu na bahari, ambako maji huchelewa kuvukiza. Chupa isiguse maji, isiachwe kwenye dirisha la gari wala juani, na isigandishwe, kwani insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ile ambayo kwa kawaida ni angavu kama maji, ikionekana na ukungu au chembe, itupwe. Zipo pia insulini ambazo kwa asili ni nyeupe kama maziwa yaliyopunguzwa kwa maji, na hizo hubingirishwa polepole viganjani kabla ya kuchomwa.